Nimeshapoa: Historia ya Ukimya wa Askari Polisi, Shinyanga na Geita

Msomaji wa magazeti ya Tanzania anaijua taarifa hii hata kabla hajaisoma. Kamanda wa Polisi wa mkoa amethibitisha kutokea kwa tukio hilo. Marehemu amekutwa na majeraha sehemu mbalimbali za mwili, yanayodhaniwa kusababishwa na kitu chenye ncha kali. Chanzo ni imani za kishirikina, au ni wivu wa mapenzi. Na kama mtuhumiwa naye amekufa, basi ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Uchunguzi unaendelea. Kwa miongo mingi vifo vya Shinyanga, Kahama, Bukombe na Geita vimesimuliwa kwa maneno haya haya, na tumeyazoea kiasi cha kutoliona jambo la ajabu lililomo. Taarifa ya polisi si kavu kama tunavyodhani. Imejaa hisia. Muuaji ana wivu, kijiji kina imani, umati una hasira, tena kali. Mtu mmoja tu hana kitu moyoni: askari aliyegongewa mlango usiku, akapanda nyuma ya gari, akaukuta mwili, akasaidia kuupakia na kurudi kituoni kuandika.

Ukimya huo kwa kawaida huelezwa kwa njia mbili. Wapo wanaosema ndivyo kazi ilivyo duniani kote, na wapo wanaosema ndivyo wanaume wa huku walivyolelewa. Maelezo yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yanatupotosha, kwa sababu yanaufanya ukimya uonekane kama hali ya hewa, kitu kilichokuwapo siku zote. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba ukimya wa askari wa ukanda huu ulitengenezwa. Ulitengenezwa na namna Jeshi la Polisi lilivyoundwa na wakoloni, na karatasi ambazo askari anafundishwa kuzijaza, na hasa na kashfa ya mwaka 1976 ambayo nchi nzima ilijifunza jambo zuri kutokana nayo, ila polisi wenyewe wakajifunza jingine.

Jeshi la Polisi la Tanganyika lilianzishwa na Waingereza mwaka 1919, makao yake ya kwanza yakiwa Lushoto. Liliikuta lugha ya kazi ikiwa tayari. Neno afande, ambalo hadi leo konstebo hawezi kumaliza sentensi mbele ya mkubwa wake bila kulitaja, ni la Kituruki, na lilifika na askari wa Kisudani ambao Hermann von Wissmann aliwachukua Misri mwaka 1889 kuja kupigania ukoloni wa Kijerumani. Koplo, gwaride, lindo, saluti: ni Kiswahili cha kupokea amri na kutoa ripoti, na kwa shughuli hiyo hakina mfano. Lakini lugha ambayo kila sentensi yake inakwenda juu kwa mkubwa au inashuka chini kwa mdogo haina pa kuweka neno la mtu kwa mwenzake. Zaidi ya hapo, huku Usukumani polisi hawakuwa na haja ya neno hilo. Kuanzia mwaka 1926, chini ya utawala usio wa moja kwa moja, amani ya vijijini ilikuwa mikononi mwa watemi, mabaraza yao na matarishi wao. Polisi walikaa bomani, kwenye stesheni za reli, na pale palipokuwa na mali ya kulinda: migodi ya dhahabu ya Geita iliyofunguliwa katika miaka ya 1930, na baadaye almasi ya Mwadui, ambako John Williamson aliligundua jiwe lake mwaka 1940. Askari wa Mwadui alilinda ua na kupekua watu. Ua haupigi mayowe usiku wala hauombi kufarijiwa.

Mwaka 1963 utemi ukafutwa. Ghafla askari aliyezoea ua akakabidhiwa vijiji, na mara nyingi akiwa mgeni kabisa. Desturi ya kumpeleka askari mbali na kwao ilikuwa ya kikoloni, ikaendelezwa baada ya Uhuru kwa sababu nzuri: asipendelee ndugu, na nchi ichanganyike. Gharama yake haikuhesabiwa. Kijana wa Songea au Tanga alipangiwa Meatu au Geita, kwenye kaya ambako bibi anasimulia kwa Kisukuma jinsi alivyompata mwanawe amekatwa, mgambo anatafsiri, na askari anaandika kwa Kiswahili. Kesi ikifika Mahakama Kuu, jaji aliandika hukumu kwa Kiingereza, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Katika kila hatua ya safari hiyo kilio kilipungua uzito. Askari alisimama katikati, akiwa chujio. Alilipwa kwa kuchuja.

Na karatasi zilimsaidia. Inafaa kuitazama kwa karibu kazi ya mpelelezi katika mauaji ya kijijini, maana hapo ndipo mafunzo halisi ya kusema na kutosema yanapopatikana. Kuna ramani ya eneo la tukio: nyumba imechorwa kama mraba, mti wa mwembe kama duara, mwili kama herufi, na hatua zimehesabiwa kutoka mlangoni hadi kwenye herufi hiyo. Kuna hati ya kuchukua mali: panga moja lenye mpini wa mti, kanga moja yenye madoa yanayodhaniwa kuwa ya damu. Kuna ripoti ya uchunguzi wa mwili ambayo daktari aliijaza huku askari ameushika mwili ugeuzwe. Kuna PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kwa aliyenusurika. Kuna maelezo ya mtuhumiwa, ambayo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inataka yachukuliwe ndani ya saa 4 tangu akamatwe, muda usipoongezwa kihalali. Karatasi hizi zote ni nzuri. Zinamlinda asiye na hatia na kumfunga mwenye hatia. Lakini askari akishazijaza mara 50 anakuwa amejifunza kwamba kuona ni kuorodhesha, na kwamba neno "yanayodhaniwa" ni salama kuliko neno "nililiona". Hata akisimulia baadaye kwa mkewe, husimulia hivyo hivyo: tulifika eneo la tukio majira ya saa tisa.

Matukio yalikuwa mengi kupita kiasi. Simeon Mesaki, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyeyachunguza mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi, alionyesha kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa zaidi ya watu 3,600 Tanzania Bara, na sehemu kubwa zaidi ya vifo hivyo ilikuwa Usukumani, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wengi walikuwa wanawake wazee. Sababu zilizotajwa zinajulikana sana: macho mekundu, ambayo kibibi aliyapata kwa kupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na mabua ya pamba katika nyumba isiyo na dirisha, ugomvi wa mashamba na urithi, na Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, iliyowakusanya watu wasiofahamiana na kuwaweka mlango kwa mlango. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikataza kumtuhumu mtu uchawi, lakini sheria hiyo haikuwahi kumzuia muuaji wa kukodiwa mwenye panga. Mtu aliyekuwa akiyaona matokeo ya kila kesi kwa macho yake, kesi baada ya kesi, mwaka baada ya mwaka, bila kuweza kuzizuia, alikuwa askari wa wilaya. Tukumbuke hilo tunapoingia mwaka 1976, si kwa ajili ya kumtetea mtu.

Mwaka huo Serikali iliamuru msako mkali wa wauaji Mwanza na Shinyanga. Polisi na maofisa wa usalama walikamata watu kwa mamia. Waliokamatwa waliteswa, na baadhi wakafa mikononi mwa dola. Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere na kuchunguzwa, wakubwa walijiuzulu mwanzoni mwa mwaka 1977: Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, Peter Siyovelwa, waziri wa nchi katika Ofisi ya Rais, na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Mwinyi hakumgusa mfungwa yeyote, lakini alisema wizara ni yake, na aibu ni yake. Miaka 8 baadaye alikuwa Rais wa nchi. Maofisa kadhaa walishtakiwa, na wengine wakafungwa. Ni kisa ambacho kila Mtanzania anayezungumzia uwajibikaji hukitaja, na kina haki ya kutajwa. Viongozi wa namna hiyo hawajawa wengi.

Ila kisa hiki kimesimuliwa daima kutoka juu, na kutoka juu kinaonekana kimekwisha. Tukitazame kutoka kwenye kaunta ya kituo. Palikuwa na askari waliopiga, askari waliowashika waliopigwa, na askari waliokuwa zamu chumba cha pili wakisikia. Kwa hao, mambo mawili yangeweza kutokea baada ya hapo. La kwanza ni kuulizwa: ilikuwaje mtu aliyeapa kulinda raia akafika hapo? Hasira ile ilitoka wapi? Je, ilikuwa ni amri tu, au pia miaka ya kuokota vibibi waliokatwa bila kumpata aliyewakata? La pili ni kutafutwa nani ashtakiwe. Haki ilidai la pili, na lilitendeka. La kwanza lilimezwa nalo. Tangu hapo, kwa askari wa Kanda ya Ziwa, kueleza alichojisikia katika kazi kumekaa jirani mno na kukiri kosa. Akisema alikasirika, wakili atauliza: kwa hiyo ulimpiga? Akisema aliogopa, mkubwa atauliza: kwa hiyo uliacha lindo? Nchi ilijifunza uwajibikaji. Polisi walijifunza kwamba moyo ni ushahidi, na ushahidi hautolewi bure.

Hapa najua nitapingwa. Utaambiwa kwamba mwaka 1976 hauhusiki, kwamba mwanamume wa huku hasemi ya moyoni, askari au si askari. Anayesema hivyo hajawasikiliza Wasukuma. Jamii hii ina kelele za makusudi kwa ajili ya mambo mazito. Ina mwano, yowe la hatari, ambalo kila anayelisikia analazimika kuacha alichoshika na kukimbilia linakotoka. Asiyekwenda hutozwa faini. Kwa mila yao, aliyeua simba hakurudi nyumbani kimyakimya kama aliyekwenda kuchota maji. Alitibiwa kwa dawa, kwa kuwa iliaminika kwamba mauti aliyoyatazama usoni yanaweza kumdhuru akili, kisha alizunguka kaya kwa kaya akicheza, akipewa zawadi, na kila mtu akijua kilichompata. Tusiifanye mila hiyo kuwa dawa ya leo. Imechangia kuua simba wengi kuliko walivyostahili. Lakini inatosha kuthibitisha kwamba hapa watu walijua tangu zamani kuwa aliyekutana na kifo hurudi akiwa amebadilika, na kwamba kumpokea ni kazi ya wengi.

Ushahidi mkubwa zaidi ni Sungusungu. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bunduki zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukawa wa kutumia silaha, na polisi hawakufua dafu. Karibu na mwaka 1982, wanavijiji wa Kahama na Nzega walianza kujiunda kwa pinde, mishale na filimbi, wakiwa na mtemi wao na katibu wao, na harakati zikasambaa Usukumani na Unyamwezini kote kwa kasi ambayo Serikali haikuitarajia. Nyerere aliwaunga mkono. Polisi na mahakimu wengi hawakuwapenda. Mwaka 1989 Bunge lilibadilisha sheria za mgambo ili kuwapa nafasi ya kisheria. Wanazuoni, Ray Abrahams akiwa wa mwanzo kati yao, wamewajadili hasa kuhusu nguvu: nani ana haki ya kukamata na kuadhibu. Mimi naona na tofauti nyingine. Sungusungu walikwenda pamoja, wakarudi pamoja, wakakaa barazani na kulizungumza jambo hadi likaisha, kwa lugha yao, mbele ya majirani zao. Walikuwa na kiapo, dawa na nyimbo. Usiku ule ule, kilomita chache kutoka hapo, askari wawili walikuwa wakirejesha bunduki ghalani na kusaini kitabu.

Sisemi Sungusungu walikuwa bora. Wamewaua watu kwa tuhuma, wamewafukuza vikongwe, na ile "hasira kali" ya taarifa za polisi mara nyingi ni kazi ya mikono yao au ya watoto wao. Ndiyo maana mfano wao una manufaa kwa hoja yangu: unatuonyesha hisia iliyopewa baraza lakini haikupewa sheria, wakati polisi walipewa sheria bila baraza. Kwa miaka 40 ukanda huu umekuwa na vyombo viwili vya ulinzi, kila kimoja kikiwa na nusu ya kile ambacho mwenzake anakihitaji.

Kisha ikaja dhahabu mpya. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mpya ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ukatangulia kuzua mgogoro mwaka 1996 wachimbaji wadogo walipoondolewa, na kuzunguka migodi hii mikubwa yakatapakaa maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Nyarugusu, Mgusu, Rwamagasa, Nyangalata na kwingine. Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, polisi wake walirithi kazi ya aina mbili: vifo vya zamani vya vijijini, na vifo vipya vya shimoni. Duara likititia, matimba yakakatika na kifusi kikashuka, askari ndiye anayezuia umati usisogee, huku ndugu wakimsukuma na kumtukana kwa sababu hakuna mwingine wa kutukanwa. Mwezi Oktoba 2015 duara la Nyangalata, wilayani Kahama, liliwafukia wachimbaji. Watano walitolewa hai baada ya siku 41, mwenzao mmoja akiwa amefia chini. Walipopata nguvu walisimulia, na nchi nzima ikasikiliza: giza, mizizi, mende na vyura waliokula, maji yaliyodondoka mwambani. Hakuna aliyewaona wadhaifu kwa kusema. Mchimbaji ana ruhusa ya kusimulia shimo lake. Askari anayesimama kando ya shimo la namna hiyo, zamu baada ya zamu, na kuwaambia ndugu waende nyumbani kwa kuwa hakuna tumaini, hana ruhusa hiyo.

Usiku wa tarehe 6 Septemba 2014 majambazi walikivamia kituo cha polisi cha Bukombe, Ushirombo, mkoani Geita. Waliwaua askari wawili, wakawajeruhi wengine na kupora bunduki. Habari zilizofuata, kwa siku nyingi, zilihusu silaha: zipi zimeporwa, ngapi zimepatikana, wapi zimefukiwa. Serikali yoyote ingeanza na silaha. Bunduki iliyo porini inaua tena. Kwa waliokufa Jeshi lina utaratibu wake, nao una heshima zake: sanduku lenye bendera, gwaride la mazishi, risasi hewani. Walionusurika walikuwa na kituo kile kile, ukuta ule ule wenye matundu, na zamu ya usiku iliyofuata.

Ni mwaka 2009 ambapo mtu wa dola aliwahi kulia hadharani kwa ajili ya vifo vya ukanda huu, na hakuwa askari. Mauaji ya watu wenye ualbino yalikuwa yameshamiri, Shinyanga na Mwanza zikiwa kitovu. Waziri Mkuu Mizengo Pinda, aliyekuwa ametamka ziarani kwamba wauaji hao nao wauawe, alibanwa bungeni mwishoni mwa Januari, na katikati ya maelezo yake akatokwa na machozi. Wengine walimhurumia, wengine walisema anakwepa swali. Kwangu jambo la maana ni mpangilio wenyewe: maneno ya kulipiza kisasi yalitangulia, machozi yakafuata. Kilichokuwa chini ya kauli ile ya ukali kilikuwa uchungu tangu mwanzo. Miezi michache baadaye, Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wilayani Bukombe, hukumu ya kwanza ya aina yake. Hukumu hiyo ilisimama juu ya kazi ya wapelelezi. Kiungo kilichokatwa kwenye mwili wa mtoto kilikuwa kielelezo, kikapewa namba, na kuna askari aliyeandika namba hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote halinihusu mimi, linahusu haki: kwa nini tuhangaike na moyo wa polisi wakati mjane, mtoto mwenye ualbino, na mchimbaji aliyepigwa virungu bado hawajasikilizwa? Kama mambo haya mawili yangekuwa yanagombea dakika zile zile, ningewapa hao kwanza bila kusita. Lakini hayagombei. Mtu anayekwenda kaunta na PF3 mkononi anahudumiwa na mtu ambaye jana aliopoa mwili kisimani, na namna anavyosikilizwa inategemea kwa sehemu kama huyo wa jana ameshamaliza na jana yake. Pia ni kweli kwamba maelezo ya mahakamani lazima yabaki makavu. Hakimu hahitaji kujua kwamba mpelelezi hakulala. Tatizo halijawahi kuwa ukavu wa faili. Tatizo ni kwamba faili limekuwa mahali pekee pa kusemea.

Wapo pia wanaosema kwamba kuzungumza ni dawa ya wageni, na haiponyi. Wana hoja kuliko wanavyojua. Polisi wa Los Angeles waliajiri mwanasaikolojia wa kudumu, Martin Reiser, mwaka 1968. Madaktari wa Marekani waliyatambua rasmi madhara ya muda mrefu ya kiwewe kuwa ugonjwa mwaka 1980. Na muda si mrefu ikaenea desturi ya kuwakusanya waliotoka kwenye tukio zito na kuwataka wasimulie mara moja, kikao kimoja, basi. Wataalamu walipoupima utaratibu huo, mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2002 yalikuta kwamba kikao kimoja cha lazima hakizuii ugonjwa, na huenda kikamdhuru mtu. Wanaotaka kuagiza vikao hivyo na kuvileta Geita kwenye semina ya siku moja, yenye posho na chai ya saa nne, wangefanya vyema kusoma hilo kwanza. Lakini hoja hiyo inakata upande mwingine pia. Kilichoshindwa ni kusema mara moja, kwa amri, mbele ya mgeni. Mwano, matanga na baraza havijawahi kuwa hivyo. Watu wa huku hawakuketi na mfiwa saa moja. Waliketi siku kadhaa, wengi wao bila kumtaka aseme chochote.

Askari ana sababu za akili za kunyamaza, na anayemhimiza aseme bila kuziona sababu hizo hamtendei haki. Ana silaha, na akikiri kwamba hana utulivu anaweza kunyang'anywa, na kikosi kizima kitajua kwa nini. Anaweza kuhamishwa. Anajua utani unaotumika nchini kuhusu hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, na kwamba ukishabandikwa utani huo haubanduki. Juu ya yote anajua sheria kuliko raia: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na huenda yeye mwenyewe amewahi kumfikisha mtu kituoni kwa kosa hilo. Atamwambia nani kwamba wazo hilo limempitia? Tume ya kuangalia haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake mwaka 2023, ilitaka Jeshi la Polisi lifanyiwe mabadiliko makubwa. Mabadiliko yoyote yasiyogusa sababu hizi nne yatabadilisha sare tu.

Kwamba Jeshi linaweza kujifunza lugha mpya si jambo la kubahatisha. Madawati ya Jinsia na Watoto yalianza kufunguliwa vituoni mwishoni mwa miaka ya 2000, na katika muda mfupi askari, wengi wao wanawake, walijifunza kumweka mtoto chumba cha pembeni, kutomhoji kwa haraka, kusubiri. Kabla ya hapo tungeapa kwamba kaunta ya polisi haiwezi kunong'ona. Lakini msikilizaji huyo naye hubeba. Kumfunza askari kusikia ukatili wa kingono kila juma, kisha kumrudisha nyumbani bila wa kumsikiliza yeye, ni kuongeza mzigo kwa jina la mageuzi.

Kiswahili kimeshatupa pa kuanzia, na watu wa Shinyanga hupatumia kila siku wanapopita kituoni. Pole na kazi, afande. Hakuna lugha nyingi zinazomsalimia mtu kwa kukiri kwamba kazi yake inauma. Jibu lake ni lile lile siku zote: nimeshapoa. Ni jibu la adabu, na ni mlango unaofungwa kwa upole.

Konstebo aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1976 ameshavuka 70. Wapo walioishia vyeo vya chini, wakastaafu, wakajenga huku huku Kahama, Maswa na Geita walikopangiwa ujanani, na siku hizi hawana bunduki ya kunyang'anywa wala uhamisho wa kuogopa. Walimu wa historia wa vyuo vyetu, na vijana wanaotafuta mada ya tasnifu, waende kwao na kinasa sauti kabla hawajaisha. Wakisema wameshapoa, msiondoke. Kaeni kidogo.